Rola ya tanga la mbele kwenye boti ya zamani: anza na waya, dramu baadaye

"Fundi habari za kazi. Nina boti ya faiba ya futi 31, Westerly ya miaka ya sabini, nimeinunua hapa Kilifi kwa mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Tanga la mbele bado ni la hanki, vile vishikizo vinavyolibana kwenye waya, kila nikitaka kulishusha lazima niende omoni, mbele kabisa ya boti, na mara nyingi tuko wawili tu, mimi na mke wangu. Mwezi wa saba tukirudi kutoka Mombasa, upepo wa Kusi ulikuwa umechachamaa, nikashusha jenoa, lile tanga kubwa la mbele, huku nimeloa mpaka kwenye masikio, mke wangu akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Sasa kuna jamaa ananiuzia rola, kile kifaa cha kukunja tanga kwa kuliviringisha, iliyotoka kwenye boti ya futi 38, bei ni robo ya mpya, anasema kubwa ndiyo imara. Wengine wananiambia rola zote zinakwama upepo ukizidi na boti ya zamani ibaki na hanki zake. Mwingine anasema nitafute ile ya Kimarekani ya plastiki. Nichukue ipi, na je tanga langu la sasa litafaa au lazima nishone jipya?"

Kaka, pole na kuloa, na mwambie shemeji yuko sawa kabisa. Mtu kupiga magoti omoni na kitambaa kinampiga usoni huku mwenzake mmoja tu ndiye anashika usukani, hiyo si raha tena. Kwa hiyo sitakuambia ubaki na hanki kwa sababu ya boti kuwa kongwe, boti kongwe inabeba rola vizuri tu. Lakini umeniuliza rola ipi kabla hujaniambia waya wako wa mbele una umri gani, na kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Jina la rola linakuja mwisho, manake rola nyingi nilizoitwa kwenda kukwamua, rola yenyewe ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa juu kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, au chini kwenye kamba au ndani kwenye waya ambao hakuna mtu anauona.

Hebu tuanze na ile kitu inavyofanya kazi, manake ukishaielewa hata muuzaji hatakuyumbisha. Waya wako wa mbele unabaki palepale, ndio unaoshika mlingoti usianguke nyuma. Juu ya huo waya zinavishwa reli za alumini zenye mfereji, zinaungana vipande vipande kutoka chini mpaka karibu na kilele, na tanga linaingizwa kwenye mfereji kwa utepe wenye kamba ndani badala ya hanki. Chini kuna dramu imefungwa kwenye reli, juu kuna swiveli inayopanda na kushuka juu ya reli, upande wake mmoja umefungwa kichwa cha tanga na unazunguka, upande wa pili umefungwa henza na hautakiwi kuzunguka hata kidogo. Ukivuta kamba ya dramu kutoka kokpiti, pale unapokaa kuendesha, dramu inazunguka, reli inazunguka, tanga linajiviringisha. Ukivuta demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, linafunguka. Basi, hakuna uchawi.

Sasa ile habari ya "zinakwama upepo ukizidi" ina ukweli ndani yake lakini sababu wanayoitoa siyo. Kinachokwamisha rola mara nyingi ni henza kujifunga kwenye reli. Iko hivi, henza ikishuka kutoka kileleni sambamba kabisa na waya, ule upande wa swiveli usiotakiwa kuzunguka hauna kitu cha kuuzuia, ukianza kukunja swiveli inaiburuta henza nayo inaizunguka reli, mzunguko wa kwanza hausikii, wa pili unaona kamba imekuwa nzito, na mtu anafanya nini, anapeleka kamba kwenye winchi. Hapo ndipo anapoharibu, anapinda reli au anausokota waya wenyewe, na waya wa mbele ukikatika baharini mlingoti unakuja nyuma kichwani kwenu. Dawa ni pembe, henza itoke kwenye swiveli ikiegemea nyuma kuelekea mlingotini kama digrii 8 mpaka 10, siyo sambamba. Boti nyingi za zamani gurudumu la henza kileleni limekaa karibu mno na waya, pembe hiyo haipatikani yenyewe, kwa hiyo unafunga kiongozi kidogo cha henza mbele ya mlingoti chini ya gurudumu kinachoisukuma henza iingie ndani. Ni kipande cha chuma cha bei ndogo sana ukilinganisha na rola, na ndicho watu wanachokiruka.

La pili hapohapo juu, tanga likiwa fupi swiveli inaishia katikati ya njia na henza ndefu inabaki ikipepea sambamba na reli, ugonjwa uleule. Tanga fupi linaongezewa kipande cha waya au kamba kati ya kichwa chake na swiveli ili swiveli ifike karibu na mwisho wa reli, bila kutoka nje ya reli. Ukiwa na matanga mawili kila moja liwe na kipande chake, kishonewe palepale, ukikiacha kwenye kapu utakisahau. Na henza za akiba zilizo mbele ya mlingoti zirudishwe nyuma zifungwe mlingotini, zikikaa pale mbele zinaviringishwa pamoja na tanga.

Sheria yangu ni hii, kamba ya rola ikiwa nzito ghafla, acha, inua macho uangalie juu kabla hujagusa winchi. Winchi haijui kama inavuta tanga au inavunja kitu.

Chini nako kuna makosa yake. Kamba inatakiwa iingie kwenye dramu ikiwa imenyooka mraba na waya, siyo ikitokea juu wala chini, la sivyo inajilundika upande mmoja inapandana. Ukifungua tanga usiachie kamba ovyo, ishike na mvutano kidogo ijipange. Na hili wengi hawalijui, upepo ukiwa mkali tanga linajikunja kwa kubana zaidi kwa hiyo linahitaji mizunguko mingi kuliko siku ya utulivu bandarini. Ukipima kamba yako siku ya utulivu ikaishia palepale tanga linapoisha, siku ya Kusi kamba itakwisha kwenye dramu na nusu mita ya tanga iko nje inapiga. Tanga likishakunjwa lote na demani zimelizunguka mara mbili tatu, kwenye dramu ibaki bado mizunguko kadhaa ya akiba.

Tuje kwenye waya, hapa nitakaa kidogo. Ukishavisha reli juu ya waya hutauona tena kwa miaka, ndiyo maana mafundi wengi hatukubali kuweka rola mpya juu ya waya usiojulikana umri wake. Stenlesi watu wanaiamini kupita kiasi, haipendi kukaa na maji ya chumvi mahali hewa haiingii, na ndani ya kile kichwa cha chini cha waya kilichobanwa kwa mashine ndipo maji yanaposhuka yakatuama. Nenda leo omoni na taulo na kioo kidogo cha kunyolea, safisha pale waya unapoingia kwenye kichwa cha chini, angalia pande zote. Ukiona kutu ya rangi ya chai inatoka ndani, au mstari mwembamba kama unywele kwenye ile bomba iliyobanwa, au uzi mmoja kati ya zile 19 umesimama umechomoza, boti isitoke tena mpaka waya ubadilishwe, sisemi hivyo kukutisha. Pitisha kitambaa chembamba juu ya waya, uzi uliokatika utakishika. Huku kwetu kwenye joto na chumvi mwaka mzima waya wa miaka 10 mi nauhesabu mzee hata kama unang'aa, na wako unaweza kuwa umebadilishwa au haujawahi, mzee aliyekuuzia anajua, mwandikie umuulize.

Kwa hiyo kwenye bajeti weka waya mpya wa mbele pamoja na rola, siyo baadaye. Juu unaweza kuweka kichwa cha kubanwa kwa mashine, lakini chini nakushauri kile cha kufunga kwa spana kama cha Sta-Lok, kwa sababu kinafungwa na mikono hapohapo Kilifi bila mashine, na siku nyingine ukitaka kukagua unakifungua. Na chini ya dramu lazima kuwe na togoli, kile kiungo kifupi kinachoacha waya ucheze mbele na nyuma, kushoto na kulia. Waya wa hanki unaweza kuvumilia bila hiyo, lakini ukishaweka reli na tanga zito linaloyumba siku nzima hata likiwa limekunjwa, waya usiokuwa na togoli unapindwa sehemu ileile maelfu ya mara mpaka unachoka na kukatika. Kileleni pia vizuri uweke.

Haya, rola ya jamaa wa futi 38. Kubwa siyo imara, kubwa ni kubwa. Rola haichaguliwi kwa urefu wa boti, urefu ni wa kukisia tu kwenye matangazo, inachaguliwa kwa unene wa waya na kipenyo cha pini. Boti ya saizi yako mara nyingi waya wa mbele ni milimita 6 au 7, ya futi 38 ni 8 au zaidi. Waya wa 6 pini yake kwa kawaida ni nusu inchi, wa 8 ni inchi 5/8, sasa pini nene haiingii kwenye tundu lako la omoni, na mtu atakuambia "tunatoboa tu", usikubali, ukipanua tundu umepunguza chuma kinachoshika mlingoti wako wote. Alafu reli za waya mnene zikivikwa kwenye waya mwembamba zinacheza zinagongagonga, na uzito wake wote uko juu ambapo boti ndogo haiutaki, utaona inalala ubavu haraka zaidi kuliko ulivyozoea.

Rola iliyokwisha kutumika siyo mbaya yenyewe, ningekuwa nakuambia chukua kama ingetoka kwenye boti yenye waya kama wako. Ukikutana na nyingine, fanya hivi, zungusha dramu na swiveli kwa mkono ukiwa umezifinya kidogo, usikie kama kuna mchanga ndani. Angalia maungio ya reli, alumini na skrubu za stenlesi vikikaa pamoja na chumvi vinaoteana ule unga mweupe, na skrubu zikishashikana huwezi kuzifupisha reli bila kuziharibu, na utahitaji kuzifupisha. La mwisho na ndilo kubwa, uliza modeli, tafuta kama spea bado zinatengenezwa. Rola ambayo kiwanda kimeacha kutoa beringi zake ni chuma chakavu kinachozunguka.

Ile ya Kimarekani ya plastiki unayosikia ni CDI. Reli yake ni PVC moja ndefu inayopinda, inakuja imeviringwa kwenye boksi, unailaza juani ijinyooshe kabla ya kuivisha, na jua tunalo. Henza yake imo ndani ya reli yenyewe kwa hiyo ule ugonjwa wa henza kujifunga kileleni haupo kabisa, na bei iko chini. Ubaya wake ni kwamba plastiki inajisokota, ukitaka kukunja nusu tanga huku upepo mkali, chini imeshazunguka juu bado inafikiria. Na mvutano wa henza ukishaupanga ndio huo, huwezi kukaza ukiwa baharini kirahisi. Kwa boti ya futi 25 inayozunguka ndani ya ghuba ni nzuri sana. Kwa futi 31 inayotaka kwenda Pemba na Lamu, inafaa ila iko ukingoni, mi ningeichukua kama hela ndiyo inaamua na unajua utakunja lote au kufungua lote.

Kwa rola mpya za alumini, Harken, Profurl, Furlex, Schaefer, Facnor, zote zimeshazunguka dunia, ukiniuliza ipi bora nitakujibu ile ambayo spea zake na mtu anayeijua viko karibu na wewe. Tofauti kubwa ni beringi. Harken beringi zake ni gololi za plastiki ngumu zilizo wazi, hazitaki grisi, zinataka kumwagiwa maji matamu mara kwa mara zitoe chumvi, ukiwa na maji ya bomba gatini ni raha, ukiwa kwenye nanga unabeba ndoo ni hadithi nyingine. Profurl zake zimefungwa kwa sili na grisi ndani, hufanyi kitu, mpaka siku sili inachoka ndipo unabadilisha beringi. Profurl pia wanaweka juu kifaa chao cha kuzuia henza isijifunge, kwa kilele chenye nafasi ndogo kama cha boti za zamani hiyo ni faida. Furlex inataka grisi, na mara nyingi kifurushi chake kinakuja na waya mpya ndani, kwa hiyo usilinganishe bei yake na nyingine bila kuhesabu waya. Kwa hali yako, boti inalala kwenye nanga na maji ya ndoo, mi ningeegemea za sili. Na yoyote utakayochukua, skrubu zote zinazoingia kwenye alumini zipakwe ile pasti ya kutenganisha metali.

Tanga lako. Likiwa bado zuri linaweza kutumika, fundi wa matanga anatoa hanki, anashona utepe wa kuingia kwenye mfereji, na kwa kawaida anapunguza urefu kidogo kwa sababu dramu na swiveli vinakula nafasi chini na juu. Utepe una saizi, mpe fundi saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha rola, siyo ya kukadiria. Alafu kuna ukanda wa kuzuia jua kwenye ubavu wa nyuma na chini, ambao ndio unabaki nje tanga likikunjwa. Hapa karibu na ikweta usiufanyie ubahili, dakroni, kile kitambaa cha tanga, ikipigwa na jua kila siku inachanika kama gazeti, na kabla kitambaa hakijafa uzi wa kushonea ndio unatangulia, kwa hiyo kila mwaka pitisha kucha kwenye mishono ya ukanda, ikikatika peleka ishonwe upya. Mwambie fundi dramu inazunguka upande gani kabla hajaushona, nimeona ukanda mzuri wa bei umeshonwa upande unaojificha ndani. Kama tanga lenyewe limeshalegea kama shuka, basi usiweke hela kulibadilisha, shona jipya, na usitake jenoa kubwa sana, linalopita nyuma ya mlingoti kidogo tu linatosha kwa Kusi yetu.

Hapo tunafika kwenye lile ambalo matangazo hayasemi. Rola siyo tanga moja la hali zote. Unaweza kupunguza kama asilimia 30 na tanga likabaki na umbo, hasa fundi akiweka sponji nyembamba kwenye ubavu wa mbele inayomeza ule ulegevu, na ukikumbuka kusogeza kigari cha kapi la demani mbele kila unapopunguza. Ukizidi hapo linakuwa gunia, linakulaza ubavu bila kukupeleka mbele. Manahodha wa majahazi walijua hili zamani, upepo ukibadilika walifunga tanga dogo, hawakukunja kubwa. Kwa boti yako ukipata nafasi baadaye, waya wa pili wa ndani unaoweza kufungwa na kufunguliwa, na tanga dogo zito la hanki juu yake, ndiyo jibu la upepo mbaya kweli.

Kama pesa haitoshi mwaka huu, waya na rola pamoja, nakushauri ubadilishe waya tu ubaki na hanki, na ufunge kamba ya kushushia, kamba nyembamba kutoka kichwa cha tanga inapita ndani ya hanki mpaka kapi la omoni alafu kokpiti. Unaachia henza, unavuta hiyo, tanga linashuka lenyewe kwenye sitaha na umekaa ulipo. Ni ya bei ya kamba na kapi moja na inamtoa shemeji wasiwasi nusu nzima. Rola ya bei ya chini juu ya waya mzee ndiyo kitu pekee kwenye orodha yako nisichokubali.

Kazi ya kufunga unaweza kuifanya mwenyewe kwa kufuata kitabu, lakini siyo yote. Ukiona ufa kwenye kichwa chochote cha waya, ukiona pini ya omoni imekula tundu likawa yai, ukibonyeza sitaha karibu na omo ikawa laini au unaona kutu inatiririka kutoka kwenye lile bamba linaloshika waya, mwite fundi wa milingoti aje aone kwa macho, picha za simu hazitoshi. Hivyohivyo kileleni, apande mtu anayejua anachokitafuta. Na siku ya kutoa waya wa zamani, ulaze mlingoti kama inawezekana, la sivyo henza mbili imara zikazwe kwanza mpaka omoni na waya wa nyuma ulegezwe kabla hujagusa pini, na mtu asiwe juu wakati huo.

Kabla ya kuagiza chochote nitumie vipimo hivi: unene wa waya kwa kaliba siyo kwa rula, kipenyo cha pini ya juu na ya chini, urefu wa waya kutoka pini mpaka pini, na umbali wa gurudumu la henza kutoka kwenye pini ya juu, kwenda chini na kwenda nyuma. Hicho cha mwisho kipigie picha ya ubavuni pia.